Nani kawaambia 7 ndiyo kituo cha mwisho?

Jumamosi kwenye tuisheni yangu hapa Chang'ombe, Dodoma, kijana wa kidato cha pili kaandika 1,234,567 ubaoni na kuipigia mstari. "Ticha, hii tasa. Haigawanyiki kwa 2, 3, 5 wala 7." Tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Darasa zima likaitikia. Mwaka huu nimeshaisikia hoja hii mpaka naiota.

Ni kweli kwamba hizo nne hazimo. Jumla ya tarakimu ni 28, basi 3 nje. Kwa 7 kuna mkato: 7 × 11 × 13 ni 1,001, hivyo kata tarakimu tatu tatu kutoka kulia, toa na jumlisha kwa kupokezana: 567 − 234 + 1 = 334. Hiyo 334 inazikataa 7, 11 na 13, na mama yake, 1,234,567, vilevile.

Kinachoniudhi ni kusimama pale. Ni kuonja zabibu nne za juu ukalipia ndoo nzima. Chanzo nakijua: mazoezi yetu yamejaa namba zilizo chini ya 100, na chini ya 121 hizo nne zinatosha kweli, kwa sababu kipeuo cha pili cha 121 ni 11. Mtoto kabeba zile nne, sababu kaiacha njiani. Vigawo huja viwili viwili, na angalau kimoja hakizidi kipeuo cha pili. Sasa kipeuo cha 1,234,567 ni 1,111 na ushee. Kabla ya kuniambia "tasa", unadaiwa kujaribu namba tasa zote hadi 1,109. Ziko 186.

Nikazigawa, kila benchi na fungu lake. Tasa 30 za mwanzo hazikutoa kitu. Kwenye ya 31 binti wa nyuma akaruka: "Hakuna baki!" 127 × 9,721.

Siwacheki sana. Mimi mwenyewe niliwahi kuliapia darasa kwamba 1,000,001 ni tasa, kumbe ni 101 × 9,901. Hata mwanahisabati Fermat aliamini 4,294,967,297 ni tasa; baadaye, mwaka 1732, mwenzake Euler akaonyesha kwamba 641 inaigawanya.

Wakanibana: na ya tarakimu 300 je? Hapo kugawa kwangu kunakufa. Kompyuta mara nyingi hutumia vipimo vya haraka, na vingine hudanganyika. Kipimo cha Fermat kwa msingi wa 2 (izidishe 2 kwa yenyewe mara nyingi kama namba ilivyo, toa 2, uone kama namba inagawanya jibu) kinaipitisha 341, nayo ni 11 × 31. Viko vilivyo bora, na ukivirudia uwezekano wa kukosea unakuwa mdogo mno. Mdogo mno, si sifuri. Nimesimama nusu saa nikidai uthibitisho, halafu namalizia na "karibu hakika". Sikujisikia vizuri.

Yule kijana wa ubaoni akauliza, safari hii kwa sauti ya chini: "Na 9,721, ticha, hiyo tasa?"

Kipeuo chake ni 98 na ushee. Tasa 25 tu. Nikampa chaki.