Mazoezi mepesi ya kutuliza maumivu ya kiuno

Kiuno kikishikwa na maumivu, wengi hujilaza wakingoja yapite. Kupumzika siku moja au mbili hakuna ubaya. Ukilala siku nyingi, misuli inayoshikilia uti wa mgongo hulegea, viungo hukakamaa, na siku ya kuinuka maumivu huwa makali zaidi. Mara nyingi maumivu haya hayatokani na ugonjwa mkubwa, na hupungua ndani ya wiki chache mtu akiendelea kujongea.

Lakini ukishindwa kuzuia mkojo au choo, mkojo ukigoma kutoka, ukihisi ganzi kuzunguka sehemu za siri, au mguu ukiishiwa nguvu, usifanye zoezi lolote: nenda hospitali siku hiyohiyo. Muone daktari kwanza pia kama maumivu yalianza baada ya kuanguka, yanaambatana na homa au kukonda bila sababu, au uliwahi kuugua saratani. Mjamzito amuulize mkunga wake, hasa kuhusu kulala chali.

Usianze mara tu unapoamka. Usiku diski, yaani vijimto laini vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo, hunyonya maji na kujaa, hivyo kuinama asubuhi mapema huzibana zaidi. Tembeatembea kama nusu saa kwanza.

Lala chali kwenye mkeka, magoti yakiwa yamekunjwa na nyayo zimekanyaga chini. Utahisi uwazi mdogo kati ya kiuno na sakafu. Kaza polepole misuli ya tumbo iliyo chini ya kitovu mpaka kiuno kiguse mkeka, shikilia sekunde 5, kisha legeza. Rudia mara 10. Kosa la kawaida hapa ni kubana pumzi, kwa hiyo hesabu sekunde kwa sauti. Anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi.

Ukiwa hapohapo, bana magoti pamoja na uyalaze taratibu kulia, kisha kushoto, mara 10 kila upande. Ishia pale panapoanza kuvuta, na mabega yasibanduke chini.

Kisha vuta goti moja kuelekea kifuani ukishika nyuma ya paja, si juu ya goti, kwa sekunde 15 hadi 20. Fanya mara 3 kila mguu. Zoezi hili halimfai kila mtu. Kama kuinama mbele hukuzidishia maumivu, au yanateremka mguuni, liache. Badala yake jaribu kulala kifudifudi ukiegemea viwiko kwa dakika 1 au 2. Maumivu yakihama kutoka mguuni kurudi kiunoni, hiyo ni dalili njema hata kama kiuno chenyewe kinauma kidogo zaidi. Yakizidi kushuka mguuni, acha.

Baada ya siku kadhaa, hayo yakishakuwa rahisi, ongeza daraja. Lala chali, magoti yamekunjwa, kaza makalio ndipo uyanyanyue. Ishia pale mabega, nyonga na magoti yanapokuwa kwenye mstari mmoja, shikilia sekunde 3 hadi 5, shuka polepole. Mara 5 zinatosha mwanzoni. Msuli wa nyuma ya paja ukikaza ghafla, visigino viko mbali mno. Visogeze karibu na makalio. Kiuno kikiuma, umepanda juu kupita kiasi, na mgongo ndio unaofanya kazi ya makalio.

Fanya mara mbili kwa siku, na utembee dakika 10 mara mbili au tatu. Maumivu yakiongezeka kidogo na kupoa ndani ya saa moja, endelea. Yakiwa bado yamezidi kesho yake, punguza idadi kwa nusu badala ya kuacha kabisa.

Unapomaliza, usiinuke kwa kukunja tumbo. Geukia ubavu, kunja magoti, kisha jisukume kwa mikono mpaka ukae.