Kichwa Kisichoacha Kuuma Baada ya Ajali: Maswali Kuhusu Tiba ya Umeme Mdogo

Maumivu huitwa sugu lini?
Yakianza ndani ya siku 7 baada ya jeraha au baada ya kuzinduka, kisha yakapita miezi 3. Ila hesabu vidonge kwanza. Anayemeza paracetamol au ibuprofen siku 15 au zaidi kwa mwezi huenda anaumwa kwa sababu ya dawa zenyewe, na hilo ndilo la kuanza nalo.

Je, tiba hii ya umeme mdogo ni ile ya mshtuko wa umeme?
Sivyo kabisa. Ile hufanywa mgonjwa akiwa kwenye nusukaputi, na huleta degedege kwa makusudi. Hii ni mashine ya betri inayopitisha kichwani umeme wa miliampia 1 hadi 2 tu, yaani kiasi kidogo sana: hauzilazimishi seli za ubongo kufanya kazi, huzifanya ziitike kwa wepesi zaidi au kwa uzito.

Kipindi kimoja kinakwendaje?
Sponji mbili, mara nyingi sentimita 5 kwa 7, hulowekwa maji ya chumvi; moja huunganishwa na ncha chanya ya mashine, nyingine na ncha hasi. Ya chanya huwekwa juu ya eneo la ubongo linaloongoza misuli: pima kutoka sikio hadi sikio kupitia utosini, kisha shuka kutoka katikati asilimia 20 ya urefu huo. Ukiwa sentimita 36, ni kama 7. Ya hasi hukaa kwenye paji la uso, juu ya jicho la upande wa pili. Umeme hupandishwa taratibu kwa takriban sekunde 30, hudumu dakika 20, kisha hushushwa vivyo hivyo. Kwa kawaida ni siku 5 kwa wiki, kwa wiki 2 hadi 4.

Mbona wengine huungua ngozi?
Sponji imekauka au imekaa upande, umeme ukajikusanya mahali padogo. Ikilowa kupita kiasi nayo, maji hutiririka kwenye nywele na umeme ukapotea njia. Kuwashwa na wekundu kidogo ni kawaida. Kuchoma kwa ukali si kawaida, mashine izimwe.

Nani asubiri?
Mwenye kifafa, chuma kichwani, kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, au kidonda pale sponji inapokaa, hadi daktari aamue. Aliyeondolewa kipande cha fuvu ahadhari zaidi: mfupa huzuia umeme, kwa hiyo pengo huuvuta mwingi upitie hapo.

Inasaidia kweli?
Wengine hupata nafuu, lakini majaribio bado ni madogo, na hata mashine ya kuigiza (isiyotoa tiba halisi) hupunguza maumivu kwa baadhi ya watu. Andika siku za maumivu kwa wiki 4 kabla ya kuanza, ulinganishe baadaye.

Naweza kuunganisha betri mwenyewe?
Usijaribu. Ukinzani wa ngozi, yaani jinsi inavyouzuia umeme, hubadilika kila wakati. Mashine halisi hurekebisha volti ili umeme usizidi, na hujizima mguso ukikatika. Betri tupu haijui hayo.