Fundo la brashi ya kunyolea, na nywele za mnyama zinazolifaa

Fundo ni kifungu cha nywele kilichofungwa uzi na kugandishwa kwa gundi upande wa mizizi, kisha kikazamishwa kwenye tundu la mpini wa brashi. Mafundo mengi hutengenezwa kwa nywele za melesi, mnyama wa Ulaya na Asia aliye jamaa wa nyegere, au kwa singa za nguruwe. Anayetaka kujaribu mnyama mwingine achunguze kwanza umbo la unywele mmoja mmoja, kwa sababu hilo ndilo linaloamua kila kitu.

Unywele wa melesi umenenepa katikati, halafu unapungua hadi ncha nyembamba sana. Wa nguruwe ni mgumu, lakini ncha yake hupasuka vijitawi na kulainika kadiri brashi inavyotumika. Ncha hiyo ya asili ndiyo inayogusa uso. Ukiipunguza kwa mkasi ili fundo lionekane sawasawa, kila unywele unabaki na kisiki, na brashi itakwaruza. Sehemu nene iliyo chini ya ncha nayo hulipa fundo nguvu ya kusimama likiwa limelowa. Urefu pia una hesabu yake: milimita 50 za kuonekana nje, 15 za kuzama ndani ya mpini, na 10 hivi za kukatwa upande wa mizizi. Chini ya milimita 75, kazi inakuwa ngumu.

Farasi ndiye wa kuanza naye. Nywele za mkia ni nene na zina nguvu, za shingoni ni laini zaidi. Nusu kwa nusu ni mchanganyiko mzuri, na mnyama hahitaji kuchinjwa. Kasoro ni kwamba singa ndefu ya mkia ikikatwa vipande, kipande kimoja tu ndicho chenye ncha ya asili. Mbuzi ana nywele laini zinazobeba maji mengi, lakini hulala zikilowa. Nywele za ndani ya masikio ya ng'ombe zina ncha nzuri na hurudi zikipindwa, ila ndefu ni chache mno, hivyo masikio mengi hutoa fundo dogo. Za kindi zinapendeza kwenye brashi ya kuchorea, ila kwenye povu zito la sabuni huanguka. Sufu ya kondoo achana nayo kabisa: magamba yake hushikana ikisuguliwa kwa maji ya moto na sabuni, na fundo lote hugeuka bonge. Singa za mkia wa tembo ni nene kama waya, na biashara ya sehemu za wanyamapori ina sheria kali.

Usafi si jambo la kupuuza. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, askari wa Uingereza na Marekani waliugua kimeta kutokana na brashi za nywele za farasi ambazo hazikuwa zimetakaswa. Spora za kimeta, yaani vijidudu vyake vikiwa katika hali sugu, haziuawi na sabuni wala maji ya moto ya kawaida. Chukua nywele za mnyama aliye hai, mzima na anayejulikana alikotoka. Za mnyama aliyekufa ghafla usiziguse.

Chana kwanza kwa kitana chenye meno ya karibu karibu ili manyoya mafupi ya chini yatoke, maana hayo hujaza fundo bila kulipa nguvu. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, rudia hadi nywele zisiteleze kwa mafuta, kisha anika kivulini.

Sasa zipange ncha zote upande mmoja. Zitie ncha zikiwa chini kwenye kikombe chenye kitako cha mviringo kama cha bakuli, ukikigongagonga mezani hadi kila ncha ifike chini. Mviringo huo ndio utakaokuwa kichwa cha brashi. Pitisha mizizi kwenye pete ya milimita 24, ongeza nywele hadi zigome kuingia, funga kwa uzi uliopakwa nta, kata mizizi iwe sawa, kisha paka epoksi, gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa. Paka tabaka jembamba na uache saa 24 kabla ya kuongeza. Gundi nyepesi iliyozidi hupanda katikati ya nywele na kuacha uvimbe mgumu unaohisiwa ukikandamiza brashi usoni.

Kabla ya kugandisha fundo mpinini, jaribu kina cha tundu. Nywele laini kama za mbuzi zizamishe zaidi, zibaki milimita 44 hadi 46 nje, zitasimama vizuri. Usizidishe: fundo fupi mno halifunguki, na povu hubaki ndani.

Nywele chache kutoka mwanzoni ni kawaida. Zikiendelea kutoka, hasa za katikati, gundi haikufika huko au mafuta hayakuisha, na fundo hilo lifumuliwe lifungwe upya. Harufu ya mnyama hupungua ukilijaza povu la sabuni ya kunyolea, ukaliacha usiku kucha na kulisuuza asubuhi, mara kadhaa. Ya mbuzi ndiyo inayochelewa kuondoka.