Jina la Walker: si mtembeaji, na halina ngao ya kununua

Katika miezi ya karibuni dawati letu la nasaba limekuwa likipokea malalamiko ya aina moja kutoka kwa wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Uingereza. Mtu ameolewa na bwana anayeitwa Walker, au watoto wake wanabeba jina hilo, naye amelipia mtandaoni "historia ya ukoo wa Walker" pamoja na ngao ya rangi iliyotiwa kwenye fremu. Baadaye anatuletea karatasi hiyo tuithibitishe. Hatuwezi kuithibitisha. Tunaeleza hapa kwa nini, na tunaeleza pia njia sahihi ya kufuata kwa yeyote anayetaka kujua jina hilo limefikaje nyumbani kwake.

Tuanze na maana ya jina, kwa kuwa kosa la kwanza huzaliwa hapo. Walker si mtembeaji. Karibu kila karatasi inayoletwa dawatini inadai kwamba babu wa kwanza alikuwa msafiri, mjumbe wa mfalme au mlinzi wa msitu aliyezunguka kwa miguu. Si kweli. Katika Kiingereza cha kale kitenzi wealcan kilimaanisha kuviringisha au kusukasuka kitu huku na huku. Maana ya kwenda kwa miguu ilikuja baadaye, katika Enzi za Kati. Wealcere alikuwa fundi wa kushindilia kitambaa cha sufu. Kijerumani kimehifadhi maana hiyo hadi leo: walken ni kushindilia kitambaa, wala hakuna Mjerumani anayefikiria matembezi akilisikia neno hilo.

Kazi yenyewe inafaa kuelezwa, maana ndiyo iliyozaa jina. Kitambaa cha sufu kikitoka kwenye kitanda cha mfumi bado hakijawa nguo. Kimelegea, na ukikiinua kwenye mwanga unaona matundu kati ya nyuzi. Kina mafuta ya kondoo mwenyewe, na mengine yaliyopakwa ili sufu isokoteke kwa urahisi. Fundi alikitumbukiza kwenye birika lenye mkojo uliokaa siku kadhaa mpaka ukatoa amonia, kwa sababu amonia hukata mafuta. Baada ya kukisuuza alikitia maji ya moto na udongo laini unaofyonza mafuta, ule wa Surrey na Bedfordshire ukisifika kuliko mwingine. Kisha watu waliingia birikani miguu mitupu wakakikanyaga kwa saa nyingi. Unywele wa sufu una magamba madogo sana. Ukipata joto, unyevu na kukandamizwa, magamba hayo hunasana na hayaachani tena. Kitambaa hunywea, huwa kinene, na matundu huziba. Kitambaa kipana cha sufu kiliweza kupoteza theluthi ya upana wake au zaidi, ndiyo maana wafumaji walikifuma kipana kupita kiasi tangu mwanzo.

Makosa yalikuwa mengi na yalimgharimu fundi. Udongo wenye chembe za mchanga ulikata nyuzi na kuacha vitobo. Asiyegeuza kitambaa mara kwa mara alikipata kimenywea upande mmoja na kulegea upande mwingine. Udongo usiposuuzwa ukaisha, rangi haikushika sawasawa. Mwishoni kitambaa kilitandazwa uwanjani kwenye fremu ndefu za mbao zenye kulabu ili kikauke kikiwa kimenyooka, kisha kikachanwa kwa vichwa vya mmea wenye miiba ili malaika wake, yaani vinyweleo vya sufu, wasimame, na wakakatwa kwa mkasi mkubwa. Wapo waliokivuta mno kwenye fremu ili kiongezeke urefu wa kuuzia. Mnunuzi aliligundua hilo siku ya mvua ya kwanza, na sheria za wakati huo zilikataza kabisa.

Miguu haikufanya kazi hiyo milele. Gurudumu la maji lilianza kuinua na kuangusha nyundo kubwa za mbao, moja ikipanda nyingine ikishuka, kama michi miwili kwenye kinu kimoja. Nchini Uingereza vinu vya aina hiyo vimeandikwa waziwazi katika orodha ya mwaka 1185 ya mali za Watemplari, watawa wapiganaji wa Kikristo, kimoja Newsham katika Yorkshire na kingine Barton katika Gloucestershire. Jina la kazi lilibaki lilelile ingawa miguu ilishatoka birikani.

Wasomaji Wakristo wamekutana na fundi huyu bila kumtambua. Katika Marko 9:3 mavazi ya Yesu yanang'aa kwa weupe ambao Biblia ya Kiswahili inasema dobi wa duniani hauwezi. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ina neno fuller mahali hapo, yaani fundi huyuhuyu. Dobi ni neno la karibu tulilonalo, lakini kazi si moja: dobi hufua nguo iliyokwisha kuvaliwa, fundi huyu alishughulikia kitambaa kipya ambacho hakijawahi kukatwa.

Hapa pana jambo ambalo wauza ngao hawaligusi kabisa. Kazi hii moja iliipa Uingereza majina matatu ya ukoo kulingana na lahaja za mahali. Kaskazini na sehemu kubwa ya katikati ya nchi fundi aliitwa Walker. Kusini mashariki na upande wa East Anglia aliitwa Fuller. Kusini magharibi, hasa Devon na Somerset, aliitwa Tucker. Mjini Exeter bado lipo jengo la chama cha wafumaji, washindiliaji na wakata malaika lililojengwa mwaka 1471, na wenyeji wanaliita Tuckers Hall. Kwa hiyo mtu mwenye jina la Walker ana uwezekano mkubwa wa kuwa na chimbuko la Yorkshire, Lancashire au jirani zake kuliko la Sussex. Ni uwezekano tu, lakini una manufaa, maana unakuambia uanze kufungua madaftari ya wapi. Uskoti nako jina ni la kawaida; huko baadhi ya familia zilizoitwa kwa Kigaeli Mac an Fhùcadair, mwana wa mshindiliaji, zilitafsiri jina lao likawa Walker.

Tahadhari kwa wanaosoma hati za Kilatini: karani aliandika fullo kwa mafundi wote watatu. Ukikuta Johannes fullo katika hati ya karne ya 13, hujapata Walker. Umepata mshindiliaji anayeitwa Yohana, na jirani zake huenda walimwita Fuller au Tucker.

Tena lipo eneo la Walker huko Newcastle upon Tyne. Jina la mahali hapo halihusiani na vitambaa hata kidogo: linatokana na maneno yenye maana ya kinamasi kilicho kando ya ukuta, nao ukuta ni ule wa Kirumi wa Hadrian. Familia chache za kaskazini mashariki zinaweza kuwa zimechukua jina kutoka hapo.

Jina la kazi halikuwa la kurithi tangu mwanzo. Mwaka 1250 mtu aliyeitwa Walker kwa kawaida alikuwa akifanya kazi hiyo yeye mwenyewe, na mwanawe akiwa mwokaji aliitwa Baker. Majina yalianza kuganda ndani ya familia kati ya karne ya 13 na ya 14, kusini kwanza, kaskazini kwa kuchelewa. Orodha za kodi ya kichwa za 1377, 1379 na 1381 zinaonyesha hali hiyo ikiwa katikati ya safari, na zile za West Riding ya Yorkshire za 1379 ni hazina kwa kuwa karani aliandika kazi za watu wengi kando ya majina yao. Ni sawa na Fundi kuwa jina la wajukuu ambao hawajawahi kushika randa.

Kila mji wenye kondoo na mto ulikuwa na washindiliaji wake. Jina lilizuka mamia ya mara, kwa watu wasiojuana. Hivyo hakuna ukoo mmoja wa Walker, hakuna babu mmoja, wala hakuna "kijiji cha asili". Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, Turi King na Mark Jobling, walichapisha mwaka 2009 uchunguzi wa vinasaba vya wanaume wenye majina 40 ya Kiingereza. Wenye majina adimu mara nyingi walionekana kushiriki babu. Wenye jina la Smith, ambalo nalo ni la kazi na la kawaida mno, hawakuhusiana kuliko watu waliookotwa barabarani. Anayenunua kipimo cha vinasaba kwa kutegemea jina la Walker pekee aelewe hivyo kabla hajatoa pesa.

Leo jina hili limo miongoni mwa majina 20 yanayoongoza Uingereza na Wales. Nchini Marekani sensa ya 2010 ilihesabu watu 523,129, nafasi ya 28. Sensa ya 2000 ilikuwa imehesabu 501,307, nafasi ya 25. Takribani mmoja kati ya watatu huko ni Mmarekani mweusi. Wengi wa hao walibeba jina lililotokana na utumwa, na wengine walilipata kwa ndoa. Madam C. J. Walker, mfanyabiashara maarufu wa bidhaa za nywele, alizaliwa mwaka 1867 akiitwa Sarah Breedlove na kulichukua jina kwa mumewe, Charles Joseph Walker. Kwa hiyo tafadhali tuache kusema kwamba jina ni damu.

Sasa ngao. Nembo ya ngao katika Uingereza na Wales ni mali ya mtu aliyepewa, na ya wazao wake halali kwa njia ya wanaume. Si mali ya jina. Msimamizi ni College of Arms ya London, iliyopata hati yake ya kwanza kwa Mfalme Richard III mwaka 1484, nayo imekuwa ikirudia jambo hili kwa uwazi. Wapo watu walioitwa Walker waliopewa nembo. Hiyo haikupi wewe haki ya kuitumia, kama hati ya kiwanja cha Juma mmoja isivyowapa viwanja akina Juma wote. Mahakama ya masuala haya, Court of Chivalry, iliketi mara ya mwisho mwaka 1954, baada ya kimya cha zaidi ya miaka 200, hivyo ngao ya sebuleni haitakupeleka gerezani. Uskoti ni habari nyingine. Mahakama ya Lord Lyon, msimamizi wa nembo huko, ina mwendesha mashtaka wake, na sheria ya mwaka 1672 inadai kila nembo iwe katika daftari la umma. Kutumia nembo isiyosajiliwa kama yako ni kosa: sheria hizo za kale zinataja faini ya pauni 100 za Kiskoti na kutaifishwa kwa vitu vilivyochorwa nembo hiyo. Anayeishi Uskoti asiibandike kwenye mlango wa duka.

Utafutaji unaofaa huanzia kwako na kurudi nyuma. Kosa kubwa ni kuanza na Walker maarufu wa karne ya 16 na kushuka kumtafuta babu wa mume wako.

Chukua cheti kirefu cha kuzaliwa. Kile kifupi hakina majina ya wazazi, na tunakirudisha kila siku. Kutokana nacho tafuta cheti cha ndoa ya wazazi, chenye majina ya baba wa pande zote mbili na kazi zao. Majina ya mama yameanza kuandikwa katika ndoa za Uingereza na Wales kuanzia tarehe 4 Mei 2021 tu, hivyo usiyatafute katika vyeti vya zamani. Usajili wa serikali ulianza tarehe 1 Julai 1837. Faharasa ya Ofisi Kuu ya Usajili hadi mwaka 1983 imepangwa kwa robo ya mwaka, na robo hiyo ni ya kusajiliwa, si ya kuzaliwa: mtoto wa Machi anaweza kuwa katika robo ya Juni, kwa kuwa wazazi wana siku 42 za kusajili. Andika juzuu na ukurasa kabla ya kuagiza. Ada iliyowekwa Aprili 2024 ni pauni 12.50 kwa cheti, na kwa jina kama Walker cheti cha mtu mwingine ni rahisi sana kukiagiza. John Walker wapo wengi katika wilaya moja ndani ya robo moja. Kinachowatenganisha ni jina la mama kabla ya kuolewa. Litafute katika faharasa mpya ya mtandaoni, kwa sababu ile ya zamani inalionyesha kuanzia robo ya Septemba 1911 tu.

Linganisha cheti na sensa. Zenye majina zinaanza 1841, na mwaka huo umri wa walio juu ya miaka 15 kwa kawaida ulishushwa hadi tano iliyo karibu, kwa hiyo "miaka 35" inaweza kuwa 39. Sensa ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, ya 1941 haikufanyika. Kabla ya 1837 utategemea madaftari ya parokia, yaliyoamriwa mwaka 1538.

Kuhusu kubadili jina, mke halazimishwi na sheria kuchukua la mume. Cheti cha ndoa kinatosha akitaka. Wengine hutumia hati ya kubadili jina, ambayo haibadilishi cheti cha kuzaliwa. Kwa mtoto, wote wenye wajibu wa mzazi wakubali, au mahakama iruhusu. Mkenya mwenye uraia wa nchi mbili abadilishe kwanza pasipoti yake ya Kenya, kwa kuwa ofisi ya pasipoti ya Uingereza hutaka jina lilelile katika zote mbili. Na kumpa msajili taarifa za uongo kwa makusudi, kwa mfano kumtaja Walker asiye baba wa mtoto, ni kosa chini ya Sheria ya Kiapo cha Uongo ya 1911, adhabu yake ikifika kifungo cha miaka saba.

Anayefika dawatini alete cheti kirefu, cha ndoa, na majina ya mitaa ambayo familia iliishi. Jina la mtaa hutusaidia kuliko ngao.