Jack Russell: mbwa wa shimoni anapofugwa nyumbani

Wengi wanaowaleta Jack Russell kwetu sisi madaktari wa mifugo huanza na malalamiko: anachimbachimba, anabweka kutwa, hapiti paka asimkimbize. Mimi huuliza swali moja tu: mbwa huyu anashinda akifanya nini? Mara nyingi naambiwa anashinda amefungwa.

Jack Russell ni mbwa wa aina ya terrier, neno lililotokana na terra, ardhi kwa Kilatini. Mwaka 1819 John Russell, wakati huo mwanafunzi wa Oxford na baadaye kasisi kule Devon, Uingereza, alinunua kwa muuza maziwa mbwa jike mweupe aliyeitwa Trump. Kwa jike huyo ukaanza uzao wa mbwa wa kumfuata mbweha hadi ndani ya shimo lake na kumfurusha bila kumuua. Rangi nyeupe ilimsaidia mwindaji asimdhanie mbwa kuwa mbweha. Na kifua cha mbwa huyu ni chembamba: kizungushie viganja vyako viwili nyuma ya miguu ya mbele, vidole vitakutana. Kimo ni sentimita 25 hadi 30, uzito kilo 5 au 6.

Kule chini ya ardhi, kubweka ndiko kulikomjulisha mwindaji mahali pa kuchimba. Ukimchapa kwa kubweka, unamwadhibu kwa kazi aliyochaguliwa kuifanya vizazi na vizazi, naye hujifunza kukuogopa tu. Mpe kazi mbadala. Tenga kona ya mchanga, ufukie humo vitu vyake vya kuchezea avitafute. Mtembeze na kumkimbiza angalau saa moja kila siku. Mfundishe kuitika mwito angali mdogo, na karibu na barabara usimfungue kamba hata akiwa mtiifu, kwani akimwona panya hasikii tena. Uzio nao uzame ardhini kidogo. Sungura wa kufugwa usimwache naye peke yao.

Manyoya hayana shida, hata yale ya kukwaruza. Brashi mara moja kwa wiki inatosha. Meno yanahitaji kupigwa mswaki, kwa dawa ya mbwa, si ya watu.

Jambo linaloniumiza zaidi ni macho. Katika uzao huu kuna ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha nyuzi zinazoshikilia lenzi, kwa kawaida kati ya umri wa miaka 3 na 8. Nyuzi zikikatika, lenzi inahama. Ikisogea mbele, presha ya jicho hupanda na mbwa anaweza kupofuka upesi sana. Ukiona jicho jekundu, lenye ukungu wa samawati, linalotoa machozi na kufumbwafumbwa, mpeleke siku hiyohiyo, wala usimtie dawa ya macho iliyobaki nyumbani. Kabla ya kununua mtoto wa mbwa, mwombe mfugaji majibu ya kipimo cha vinasaba cha wazazi wote wawili. Kipimo hicho kipo.

Kisha goti. Anakimbia, ghafla anaukunja mguu mmoja wa nyuma, anaruka hatua tatu nne kwa miguu iliyobaki, halafu anaendelea kama kawaida. Watu hudhani ni mbwembwe zake, kumbe mara nyingi ni pia ya goti inayoteleza na kurudi mahali pake. Usimwache anenepe, maana kila kilo inayozidi hulielemea goti hilo. Mrekodi kwa simu anapofanya hivyo, kwa sababu akifika mbele ya daktari huenda akatembea vizuri kabisa.