Simu haikutuibia raha

Barazani Mji wa Kale, kahawa ikimiminwa, utasikia: vijana wa simu hawana raha, raha ilikuwa zamani. Si kweli, angalau kwangu mimi niliyezaliwa 1988. Hiyo zamani naikumbuka: pesa za kumpelekea bibi yetu tulizitia kwenye bahasha, tukampa makanga wa basi la Malindi, kisha siku mbili roho juu. M-Pesa ilipoanza 2007, bahasha ikafa. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari zikafika hapa hapa Mombasa. Leo dada yangu aliye Muscat humwonyesha mama mtoto anavyoota meno, na mahamri yakaungua jikoni. Shingo huuma, hilo nakubali. Lakini baraza halijafa, na hao wanaolalamika huitana kwa WhatsApp.