Msamiati wa Juu wa Kiingereza kwa Wazungumzaji wa Kibengali: Mizizi Iliyomo Katika Lugha Yao

Katika vibanda vya vitabu vya Nilkhet jijini Dhaka, na katika maduka ya College Street jijini Kolkata, huuzwa vijitabu vya maneno magumu ya Kiingereza vilivyopangwa kwa safu mbili: neno upande mmoja, tafsiri yake ya Kibengali upande wa pili. Kijana anayejiandaa kwa mtihani wa utumishi wa serikali wa Bangladesh, au kwa mtihani wa kwenda kusoma ng'ambo, hukinunua na kukikariri ukurasa kwa ukurasa. Kibengali kina neno lake kwa kazi hiyo, mukhastha, ambalo maana yake ya asili ni kitu kilichokaa kinywani. Neno hilo linalitaja tatizo lenyewe, kwa kuwa msamiati uliokaririwa namna hiyo hufika kinywani ukaishia hapo, na siku mwanafunzi anapotakiwa kuandika aya moja ya hoja, maneno yale hayaji, au huja mahali yasipostahili.

Sisi tunaoshughulika na ufundishaji wa msamiati tunaona kwamba kasoro kubwa ya vijitabu hivyo ni kumfanya mwanafunzi aamini kuwa kila neno la juu la Kiingereza ni jambo geni kwake, wakati sehemu kubwa ya maneno hayo ina ndugu zake ndani ya Kibengali anachokisoma tangu shule ya msingi.

Kibengali kina tabaka mbili za maneno ambazo kila msomaji wake anazijua hata kama hajawahi kuelezwa. (Maneno ya Kibengali humu nimeyaandika kwa kufuata tahajia yao zaidi kuliko matamshi.) Liko tabaka la nyumbani, lililotokana na Kisanskriti, lugha ya kale ya India, likachakaa vinywani mwa watu kwa karne nyingi, na liko tabaka la kitabuni, lililochukuliwa moja kwa moja kutoka Kisanskriti bila kubadilishwa tahajia. Jino, nyumbani, ni dat, lakini daktari wa meno katika maandishi rasmi huanza na danta. Moto wa jikoni ni agun, ilhali moto wa lugha ya sherehe na ya magazeti ni agni. Mama ni ma, lakini lugha ya mama ni matribhasha.

Kiingereza kimejengwa vivyo hivyo. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno ya Kifaransa yaliingia kwa wingi, na baadaye wanazuoni wakaongeza ya Kilatini na Kigiriki, hata lugha ikawa na sakafu ya chini na ghorofa ya juu. Jino ni "tooth" lakini mambo ya meno ni "dental". Mama ni "mother" lakini yanayomhusu ni "maternal". Moto ni "fire" lakini kuuwasha, katika lugha ya juu, ni "ignite". Mbengali anayeelewa kwa nini hawezi kuandika dat mahali pa danta katika barua rasmi tayari anaielewa tabia ya Kiingereza ambayo wanafunzi wengi wa mataifa mengine huchukua miaka kuizoea.

Mfanano huu unakwenda mbali zaidi ya muundo. Mwaka 1786, akihutubia Jumuiya ya Asia iliyoanzishwa Kolkata miaka miwili kabla, jaji William Jones alieleza kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini zinafanana mno katika mizizi ya vitenzi na katika sarufi, kiasi kwamba haziwezi kuwa zimekutana kwa bahati tu, bali lazima ziwe zimetoka chimbuko moja. Isimu ya baadaye ililithibitisha jambo hilo. Inasikitisha kwamba ugunduzi uliotangazwa katika mji huohuo wa Wabengali haujapata nafasi yake katika madarasa yao ya Kiingereza, kwa sababu maana yake kwa mwanafunzi ni ya moja kwa moja: ghorofa ya juu ya Kiingereza ni Kilatini na Kigiriki, ghorofa ya juu ya Kibengali ni Kisanskriti, na hao ni ndugu wa damu.

Kwa hiyo danta ni ndugu wa "dental", na agni ni ndugu wa "ignite" na "ignition". Matri imo katika "maternal" na "matriarch", na pitri, yaani baba, imo katika "paternal". Mashua inayovuka mito ya Bangladesh huitwa nauka, na mzizi wake ndio uliozaa "naval", "navigate" na "nautical". Kifo ni mrityu, na jamaa zake ni "mortal" na "mortality". Utoaji damu hospitalini ni raktadan, ambapo rakta ni damu na dan ni kutoa, na huyo dan ndiye ndugu wa "donor" na "donation". Alama ya kujumlisha katika hesabu husomwa yog, ambayo wao hutamka jog, na mzizi wake wa kuunganisha umo katika "junction" na "conjunction". Hata viambishi vina undugu: a- na an- za Kibengali, zinazokanusha, ni zilezile za "atypical" na "anarchy", na dur-, inayoashiria ubaya au ugumu, ni ndugu ya ile iliyomo katika "dysfunction". Mtoto wa shule ya Bangladesh hufundishwa viambishi hivyo katika somo la sarufi ya Kibengali, kisha saa inayofuata huingia katika somo la Kiingereza kana kwamba hajawahi kuvisikia.

Tahadhari inahitajika hapa. Undugu wa maneno ni msaada wa kumbukumbu, hauwezi kuchukua nafasi ya maana, kwa sababu nauka ni mashua ya mvuvi ilhali "naval" inahusu jeshi la majini. Tena si maneno yote ya Kibengali yana asili hiyo. Liko tabaka la Kiarabu na Kiajemi ambalo msomaji wa Kiswahili atalitambua mara moja: kalam, hisab, duniya, khabar, na ukil kwa maana ya wakili. Maneno hayo ni hazina ya Kibengali kama yalivyo hazina yetu, lakini hayamsaidii mtu kukisia maana ya neno lenye asili ya Kilatini.

Mahali ambapo Kibengali humponza mwanafunzi ni katika uandamani wa maneno, yaani neno gani huambatana na lipi. Kitenzi khaoya, kula, hutumika kwa chakula, kwa maji, kwa chai, kwa sigara na hata kwa rushwa, jambo ambalo sisi tunaokula kiapo, hasara na rushwa hatuwezi kulishangaa. Kiingereza hudai kitenzi tofauti karibu kila mahali: chai hunywewa kwa "drink", dawa huchukuliwa kwa "take", sigara huvutwa kwa "smoke". Kitenzi kara, kufanya, nacho huungana na nomino kuunda vitenzi vingi mno, hata kukosea huwa ni "kufanya kosa" na kuuliza huwa ni "kufanya swali". Ndiyo sababu mwanafunzi mwenye maneno elfu kadhaa kichwani bado huandika "do a mistake" badala ya "make a mistake". Orodha ya safu mbili haiwezi kumrekebisha, kwa kuwa inampa neno likiwa peke yake, nalo neno haliishi peke yake. Anayejifunza "mitigate" hana budi kujifunza pamoja nalo "risk", "damage" au "effects".

Kuhusu wingi wa maneno, Bengali, yaani eneo la Wabengali, ina historia ya kujivunia. Michael West, mwalimu Mwingereza aliyefundisha walimu Dhaka, alichapisha mwaka 1926 utafiti kuhusu wanafunzi wa Kibengali, na alitunga vitabu vya kusoma ambamo maneno adimu yalipunguzwa na maneno mapya yakaachiwa nafasi ili yazoeleke. Orodha yake ya mwaka 1953, yenye maneno takriban 2,000, iliongoza ufundishaji wa Kiingereza duniani kwa miongo mingi. Mwaka 2000, Averil Coxhead wa New Zealand alikusanya familia 570 za maneno (familia ni neno moja pamoja na maumbo yanayotokana nalo) ambazo huchukua karibu asilimia 10 ya matini za kitaaluma, na Paul Nation alionyesha mwaka 2006 kwamba kusoma gazeti au riwaya bila kukwama huhitaji familia 8,000 hadi 9,000. Mwenye kiwango cha kati aanze na zile 570. Maneno adimu ya vijitabu vya mitihani yasubiri, kwa kuwa faida yake ni ndogo na husahaulika upesi.

Matamshi nayo ni sehemu ya kulijua neno. Mkazo wa Kibengali huelekea mwanzo wa neno, ilhali wa Kiingereza huhama ndani ya familia moja: silabi ya kwanza katika "photograph", ya pili katika "photographer", ya tatu katika "photographic". Asiyelijua hilo hulisoma neno vizuri kitabuni kisha akashindwa kulitambua linapotamkwa na mhadhiri.

Wapo walimu wanaokataza Kibengali kabisa katika darasa la Kiingereza. Kwa msamiati wa juu, katazo hilo ni hasara tupu. Watu waliouawa Dhaka tarehe 21 Februari 1952 wakidai Kibengali kiwe lugha ya taifa walikuwa wakiitetea matribhasha, na tangu UNESCO ilipoitangaza siku hiyo mwaka 1999 kuwa Siku ya Kimataifa ya Lugha ya Mama, neno hilo limebandikwa katika kuta za shule nyingi. Mwalimu anaweza kuanzia hapo hapo ukutani. Aliandike neno ubaoni, alitenganishe matri na bhasha, aulize darasa ni maneno gani ya Kiingereza yanayofanana na nusu ya kwanza, kisha "maternal" ikipatikana awaombe watunge sentensi mbili, moja yenye "maternal health" na moja yenye "maternal instinct". Neno hilo liingie daftarini pamoja na wenzake, lirudiwe kesho yake, baada ya wiki, na baada ya mwezi, kila mara katika sentensi mpya.